Nahodha wa mashua anyamaze au aseme? Ulinganisho wa wahusika wakuu katika michezo ya video

Nahodha wa Dunga (Kisumu)

Wenzangu, nakuja kwenu na swali ambalo limetukwamisha kwa miezi miwili. Mimi na rafiki zangu wawili tunatengeneza mchezo mdogo wa simu ambao mhusika wake mkuu ni nahodha wa mashua katika Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Kila usiku upepo husukuma magugu maji na kuiziba njia iliyokuwa wazi jana, na kila asubuhi nahodha hutafuta njia nyingine ya kuwavusha abiria, ambao humsimulia mambo yao wakiwa majini. Ramani imekamilika, mashua inaelea na magugu yanasogea. Tulipokwama ni hapa: abiria akimaliza kusema, nahodha amjibu kwa sauti, au anyamaze ili mchezaji aliyeshika simu ajibu moyoni mwake?

Nimerudia michezo mingi niliyowahi kuicheza nikitafuta mwongozo. Wanyamavu wa kwanza hawakunyamaza kwa hiari yao. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilitoshea katika kilobaiti 40, ilhali dakika moja ya sauti yenye ubora wa sidii huhitaji takriban megabaiti 10, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuweka hata salamu. Nafasi ilipopatikana, wako walioendelea kunyamaza kwa makusudi, na hao ndio wanaonivutia. Link wa The Legend of Zelda amekuwa kimya tangu 1986, na hata katika Breath of the Wild ya 2017, ambapo wahusika wengine walipewa waigizaji wa sauti, yeye hutoa miguno na kelele za vita tu. Kilichonigusa ni kwamba mchezo huo haukuuacha ukimya wake bila sababu, kwani katika shajara ya binti mfalme Zelda tunasoma kwamba Link hunyamaza kwa kuwa macho ya watu wengi yanamtazama, naye anaona ni wajibu wake kuubeba mzigo bila kulalamika. Tangu niisome shajara ile, kila anapotikisa kichwa bila neno mimi huona uchovu wake.

Gordon Freeman wa Half-Life ya 1998 ni tofauti. Katika mchezo wa pili, wa 2004, mwenzake Alyx anamtania kwamba ni mtu wa maneno machache, na kwa kweli mzigo wote wa mazungumzo ameubeba Alyx. Nilipoumaliza niligundua kwamba niliyemkumbuka ni Alyx, wala si mtu ambaye nilitembea ndani ya viatu vyake kwa saa nyingi. Hata watengenezaji wake, Valve, walipotoa Half-Life: Alyx mwaka 2020, huyo msemaji ndiye aliyekuwa mhusika mkuu, na aliendelea kusema.

Upande wa wasemaji wapo Geralt wa The Witcher 3 ya 2015, Joel wa The Last of Us ya 2013, na Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2 ya 2018. Hawa ni watu waliokuwa na maisha yao kabla mimi sijawasha mchezo. Naweza kumchagulia Geralt njia ya kufuata, lakini siwezi kumfanya awe mtu mwingine.

Walionifundisha zaidi ni wale waliobadili msimamo katikati ya safari. Katika Dead Space ya 2008, Isaac Clarke ni fundi anayeingia katika chombo cha angani kilichojaa maiti akimtafuta mpenzi wake Nicole, lakini hamwulizi mtu yeyote hata mara moja kama Nicole yuko hai. Hupokea maagizo na kwenda. Dead Space 2 ya 2011 ilimpa sauti ya Gunner Wright, na mchezo wa kwanza ulipotengenezwa upya mwaka 2023, mwigizaji huyohuyo aliitwa ili Isaac aseme pale ambapo zamani alinyamaza. Studio ya Bethesda ilikwenda kinyume chake. Fallout 4 ya 2015 ilimpa shujaa sauti, na gharama ikaonekana mara moja, kwa kuwa mazungumzo yalibanwa katika majibu manne yaliyoandikwa kwa kifupi, kiasi kwamba wachezaji walitengeneza programu ya nyongeza ya kuonyesha sentensi nzima kabla ya kuichagua, maana mtu aliweza kudhani anajibu kwa upole kumbe shujaa wake anakebehi. Starfield ya 2023, kutoka studio hiyohiyo, ilirudi kwenye ukimya.

Mimi naelekea kwenye ukimya, kwa sababu hadithi ni za abiria na nahodha ni sikio lao. Rafiki zangu hawakubaliani nami, ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Mtoto wa Kondele (Kisumu)

Ndugu Nahodha, nakupinga, na sababu yangu niliipata katika kibanda cha gemu nilikokulia pale Kondele. Kibanda kile kilikuwa na televisheni tano zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na PlayStation 2 yake, na kwa kuwa zote tano zisingeweza kusikika kwa wakati mmoja, mwenye kibanda alizizima sauti zote na kufungulia redio. Kwa hiyo nilimfahamu CJ, mhusika mkuu wa mchezo wa GTA San Andreas, kwa muda mrefu kabla ya kuisikia sauti yake, na hata hivyo hakuwa kimya. Aliporudi Los Santos baada ya kifo cha mama yake, kijana mmoja aliyeketi nyuma yetu alimsemea kwa Kiswahili na Kijaluo, akifuata midomo na mikono yake, kama DJ Afro anavyosimulia filamu, nasi tuliokuwa tukisubiri zamu tulikuwa tukiitikia.

Kibanda hichohicho kilikuwa na GTA III ya 2001, ambayo mhusika wake mkuu, Claude, hasemi kabisa. Hakuna aliyewahi kumsemea Claude. Wengine walizungumza mbele yake, yeye akasimama kama mlingoti, akapokea amri na kuondoka. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu watetezi wa ukimya husema kwamba mnyamavu huacha nafasi ili mchezaji aijaze, lakini mimi nilishuhudia kwamba watu huijaza nafasi ya yule anayeonyesha dalili ya kutaka kusema. CJ alitupa midomo, mabega na ngumi iliyokunjwa. Claude hakutupa chochote cha kushika. Nadhani watengenezaji wake nao waliligundua hilo, maana mwaka mmoja baadaye, katika Vice City ya 2002, Tommy Vercetti alikuja na sauti ya Ray Liotta, na tangu hapo mashujaa wakuu wa GTA San Andreas, GTA IV na GTA V wote wamesema.

Basi jambo la kwanza la kujiuliza ni kama nahodha wako ana uso, ana mikono, na ana kitu anachokitaka. Akishakuwa navyo, mpe sauti, kwa sababu watoto wa leo huchezea simu wakiwa peke yao na visikizio masikioni, na nyuma yao hakuna tena yule kijana wa kuwasemea.

Mwalimu wa Kaptembwo (Nakuru)

Ninafundisha Kiswahili, kwa hiyo nitalitazama suala hili kwa upande wa lugha. Ndugu Mtoto wa Kondele, hoja yako ya midomo na mikono nimeipokea, lakini siwezi kukufuata hadi kwenye sauti.

Sauti ina kwao. Nahodha akitamka sentensi tatu tu, msikilizaji wa Kisumu, wa Kakamega au wa Nakuru atakuwa amekwisha kumpeleka nyumbani kwa baba yake, kwa jinsi anavyoitamka sh, au b, au r. Mwezi wa Januari 2008 nilikuwa hapa Nakuru, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, wakati ambapo lafudhi ya mtu iliweza kuamua kama angevuka barabara akiwa salama, na darasani kwangu leo wamo watoto wa wazazi waliokuwa pande zote mbili za barabara ile. Sitaki mtoto afungue mchezo wa ziwa letu na swali la kwanza analojiuliza liwe ni kama nahodha huyu ni wetu au ni wao. Mnyamavu humpokea kila mtoto ndani ya mashua kabla swali hilo halijazaliwa.

Kuna neema nyingine ambayo ukimya huipata katika Kiswahili na haiwezi kuipata katika Kiingereza. Kwa Mass Effect ya 2007, studio ya BioWare iliwarekodi waigizaji Mark Meer na Jennifer Hale kwa ajili ya mhusika mmoja, ili mchezaji achague kuwa mwanamume au mwanamke, na kwa kuwa mwigizaji hawezi kulitamka jina ambalo mchezaji amejiandikia mwenyewe, kila mtu humwita kwa jina la ukoo, yaani Shepard. Nahodha wa Kiswahili asiyesema hahitaji gharama hiyo. Ukiandika “nahodha amefika, mwambieni anisubiri”, hakuna silabi hata moja inayofichua kama ni wa kike au wa kiume. Kinachofichua ni jinsi tunavyoitana: kaka, dada, baba, mama. Basi abiria wamwite nahodha, ndugu au mwenzangu, na wazee wamwite mjukuu wangu, na msichana wa Lanet na mvulana wa Dunga wote watakuwa wameshika kasia moja.

Anayedhani kwamba mnyamavu hawezi kubeba hadithi kubwa amtazame shujaa anayeundwa na mchezaji katika Baldur's Gate 3 ya 2023. Katika mazungumzo majibu yake husomwa tu kwenye skrini, ilhali wenzake wote wana sauti, na kwa kuwa hayakuhitaji kurekodiwa, waandishi wa studio ya Larian waliweza kumpa majibu mengi yanayolingana na asili yake na kazi yake. Ulimwengu ndio unaomjibu. Wenzake hukumbuka alichokifanya, humlaumu, humshukuru, na wengine humwacha. Ukimya wa namna hiyo haufanani na ule wa Claude, kwa sababu kila ninapochagua neno naona mtu fulani akibadilika usoni.

Fundi wa Busia

Nitasema machache ya kiufundi. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza, ikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua takriban kilobaiti 480 kwa dakika. Saa moja ya mazungumzo ni karibu megabaiti 29, na ukiirekodi kwa lugha tatu unafika megabaiti 86. Kwa mtu anayenunua bando la siku moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapakua mchezo wenu au atauacha. Maandishi mtayasahihisha kwa dakika moja, lakini sauti ikisharekodiwa, hata kubadilisha jina la gati moja kunamaanisha kumwita mwigizaji upya, kukodi chumba kisicho na kelele, na kuomba mafua yasiwe yamembadilisha.

Mkiamua kurekodi, nawasihi msikimbilie sauti zinazotengenezwa na kompyuta. Waigizaji wa michezo ya video walio katika chama cha SAG-AFTRA huko Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 hadi 2025 wakidai ulinzi dhidi ya kunakiliwa kwa sauti zao na akili bandia. Sisi tuna vijana wanaokariri mashairi na kuigiza katika tamasha za drama za shule kila mwaka, na wengi wao wakimaliza kidato cha nne hakuna anayewauliza tena kuhusu kipaji hicho. Waulizeni.

Dada wa Lurambi (Kakamega)

Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu na nimeona kwamba kila mmoja amechukulia kuwa mchezaji anaona. Mdogo wangu ana umri wa miaka 14, na tangu utotoni macho yake huona mwanga na vivuli tu. Anapenda michezo ya video kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Kwake yeye, mnyamavu ni mlango unaofungwa ghafla. Abiria wanasema, anawasikia vizuri, anacheka nao na kuwahurumia, kisha zamu ya shujaa inapofika mchezo unageuka kuwa maandishi madogo kwenye kioo, nami lazima niache sufuria jikoni nije kumsomea majibu, naye achague mbele yangu jambo ambalo pengine alitaka kulichagua akiwa peke yake. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwalimu amesema kwamba ukimya humpa mchezaji faragha ya kuwa nafsi yake, na mdogo wangu hajawahi kuionja faragha hiyo.

Mchezo anaoupenda ni God of War ya 2018. Kratos ni mtu wa maneno machache kuliko wasemaji wote mliowataja, na mara nyingi humwita mwanawe Atreus kwa neno moja tu, kijana. Mdogo wangu amenifundisha kusikia ndani ya neno hilo moja lini baba ana hasira, lini ana hofu, na lini anakaribia kumkumbatia mtoto kisha anajizuia. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba kusema kunadai hotuba. Na kama mtachagua ukimya, basi simu iyasome majibu kwa sauti. The Last of Us Part II ya 2020 ilitolewa na zaidi ya mipangilio 60 ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, kusomewa maandishi kukiwemo. Mchezo wenu ni mdogo, lakini mpangilio huo mmoja mnaweza kuuweka.

Mwalimu wa Kaptembwo (Nakuru)

Dada wa Lurambi, umenisahihisha, nami nakubali. Nilizungumzia watoto wote wa darasa langu nikamsahau mmoja anayeketi mbele kabisa kwa sababu haoni ubao. Ukimya usiosomeka kwa sikio haumpokei kila mtu ndani ya mashua, kama nilivyodai.

Mzee wa Chwele (Bungoma)

Wanangu, nilianza kucheza michezo hii ili nikae na wajukuu, na sasa hucheza hata wakiwa shuleni. Naona mnabishana juu ya ukimya kana kwamba ni chombo kitupu ambacho mtu hutia anachotaka. Kwetu ukimya haujawahi kuwa mtupu. Mtu akikusalimu ukanyamaza, umemwambia jambo: ama una msiba, ama una ugomvi naye, ama umemdharau. Hakuna ukimya wa nne.

Nilipocheza Far Cry 2 ya 2008, ambayo inatokea katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, jambo hilo lilinisumbua tangu mwanzo hadi mwisho. Mamluki ambaye mimi ndiye niliyekuwa ndani yake aliingia kwa watu, watu wakamweleza shida zao, naye hakutoa neno. Kwa waliotengeneza mchezo huo, ule ulikuwa utaratibu wa kawaida wa michezo ya kurusha risasi. Kwangu alikuwa mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi na kutoka bila kuaga. Mfululizo huo wenyewe umeyumba baadaye, maana Jason wa Far Cry 3 husema, shujaa wa Far Cry 5 hunyamaza, na Dani wa Far Cry 6 husema tena.

Kwa hiyo, mwanangu Nahodha, kabla ya kuamua kama mtu wako atazungumza, hakikisha kwamba anaweza kusalimu. Katika Red Dead Redemption 2 kuna kitufe ambacho humwezesha Arthur kumsalimu mtu yeyote anayepishana naye njiani, na mimi hukitumia kuliko bastola yake. Mtu akisalimiwa hugeuka, huitikia, na barabara nzima hupata uhai. Neno moja tu.

Na hapa sikubaliani na mwalimu, ingawa namheshimu na ninaijua Januari anayoisema. Ukimnyamazisha nahodha ili lugha yake isijulikane, umekubali kwamba lugha ni kitu cha kufichwa. Watu wa majini na wa sokoni hawafanyi hivyo. Mchuuzi mzuri wa samaki humwita kila mteja kwa salamu ya kwao. Basi nahodha amwambie huyu “oyawore”, na huyu “mulembe”, na huyu “chamge”, na huyu “bwakire”, na Mteso anayetoka upande wa Busia amwambie “yoga”. Msikilizaji ajaribu kumpeleka nyumbani kwa baba yake kama ataweza. Mchezaji akiikosea salamu, abiria asikasirike. Amfundishe, nahodha aikumbuke safari ijayo. Huo utakuwa mchezo ndani ya mchezo, na hautahitaji saa moja ya sauti wala megabaiti 86.

Mtoto wa Kondele (Kisumu)

Mzee wangu, salamu nazikubali kwa moyo wote, lakini salamu ni mlango tu. Niruhusu niweke jaribio moja. Katika mashua anaingia mama ambaye mtoto wake alizama mwaka jana mahali hapohapo magugu yalipoziba leo. Anasimulia. Anamaliza. Nahodha aliyejua kumwambia “oyawore” asubuhi sasa anapiga kasia na kutazama mbele? Kiswahili kina neno moja ambalo haliwezi kukosekana hapo, nalo ni pole. Nahodha asiyeweza kusema pole simtaki, hata mkimpa uso na mikono ya kila namna.

Mwalimu wa Kaptembwo (Nakuru)

Nami naomba utazame matanga ya kwetu yalivyo. Watu wa kwanza kufika kwa mfiwa husema pole, ndiyo, lakini wanaokumbukwa ni wale walioketi naye siku tatu bila kusema kitu, wakipasua kuni na kuchota maji. Nahodha aache kupiga kasia. Mashua ielee. Mchezaji asione majibu yoyote ya kuchagua, aone tu maji, na aruhusiwe kukaa hapo kadiri anavyotaka kabla hajaendelea na safari. Kama kuna mahali ambapo ukimya una haki yake katika mchezo huu, ni hapo.

Dada wa Lurambi (Kakamega)

Mdogo wangu amenisikia nikimsomea majibizano haya, naye anauliza: mashua ikielea, atajuaje kwamba imesimama na kwamba simu haijazimika? Anapendekeza asikie maji yakigonga ubao, na pumzi za watu wawili.

Nahodha wa Dunga (Kisumu)

Wenzangu, asanteni. Tumekaa sisi watatu jana usiku tukazisoma hoja zenu mara mbili, na haya ndiyo tuliyoafikiana.

Nilikuwa nimeuliza swali vibaya, kwa sababu nilidhani kwamba nahodha lazima awe ama Geralt ama Gordon. Tutampa maneno takriban 40, yote yakiwa yamerekodiwa na kijana mmoja na msichana mmoja waliowahi kuigiza katika tamasha za shule, na mchezaji atachagua mmoja wao. Maneno hayo ni salamu katika lugha tano alizozitaja mzee, maitikio yake, majina ya gati tunazofika, ambayo nahodha huyaita kwa sauti mashua inapokaribia nchi kavu, na maneno machache kama asante, twende, shuka polepole. Mazungumzo marefu yatabaki kuwa ya abiria. Majibu ya mchezaji yatakuwa maandishi, na simu itayasoma kwa anayehitaji, kupitia kisikizio, ili mdogo wa Dada wa Lurambi achague bila kusikiwa na mtu. Abiria watamwita nahodha na ndugu, na wazee watamwita mjukuu wangu, kama mwalimu alivyosema. Kwa hesabu za Fundi wa Busia, sauti yote ya nahodha haitazidi megabaiti mbili hata tukiwarekodi wote wawili.

Mama aliyefiwa ndiye aliyetugawanya. Mimi niko upande wa mwalimu, rafiki yangu mmoja yuko upande wa Mtoto wa Kondele, na wa tatu hajaamua. Kwa hiyo tumetengeneza sehemu hiyo mara mbili. Katika ya kwanza nahodha anasema pole, kisha anaendelea kupiga kasia taratibu. Katika ya pili anaacha kasia, maji yanagonga ubao, pumzi mbili zinasikika, na hakuna kinachotokea mpaka mchezaji mwenyewe aguse kioo. Tutawapa vijana zote mbili bila kuwaeleza tofauti, na tutatazama ni ipi wanayoinamia.

Mtoto wa Kondele, nina ombi. Muulize mwenye kibanda chenu kama atatupa televisheni moja Jumamosi ili tuiunganishe na simu, na kama ataturuhusu tuifungulie sauti na kuizima redio kwa saa moja.

Mtoto wa Kondele (Kisumu)

Nimetoka kwake sasa hivi. Amekubali tutumie televisheni ya karibu na mlango, kuanzia saa tatu asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, na redio ataizima. Ameuliza kama mnaweza kuwa na viti viwili vya ziada, kwa sababu yule kijana aliyekuwa akimsemea CJ sasa ana watoto wake, na anataka kuja nao.